Mimba Zinatoka, Ndoa Inayumba: Kumbe Ni Damu

Safu hii imezoea kuzungumzia uhusiano wa watu wawili. Mwezi huu tunazungumzia uhusiano wa magonjwa mawili. Usifunue ukurasa haraka, maana magonjwa haya yakiingia ndani ya nyumba bila kujulikana, yanaweza kuvunja ndoa ambayo haikuwa na kosa lolote.

La kwanza linaitwa lupasi. La pili ni ugonjwa wa damu kuganda ovyo, ambao madaktari wanauita sindromu ya antifosfolipidi, au kwa mkato ugonjwa wa Hughes. Ni ndugu wa damu kwelikweli. Ukimwona mmoja, inabidi uulize mwenzake yuko wapi.

WAWILI WA MFANO

Tuchukue mfano. Mke ni mwalimu wa sekondari Handeni. Mume ni mhasibu, kazi yake iko Korogwe. Kati yao kuna barabara ya kama kilomita 65, na kila Ijumaa mmoja anapanda basi kumfuata mwenzake. Sijawapa majina kwa sababu ni watu wa mfano tu, lakini ukitazama vizuri utaona wanafanana na watu unaowajua.

Mimba ya kwanza ilitoka mwezi wa tatu. Watu wakasema ni mambo ya kawaida, Mungu atawapa nyingine. Ya pili ilitoka mwezi wa tano, na hapo maneno yakaanza. Mama mkwe akamwita mwanawe pembeni: "Baba, huyu mwenzio mmemwangalia vizuri?" Wifi naye akawa na yake.

Katikati ya hayo mke amekuwa mtu wa homa zisizoisha. Vidole vinamuuma asubuhi mpaka kushika chaki ni kazi. Kila akienda duka la dawa anapewa dawa ya malaria. Mashavuni kukatokea mabaka meusi, mashosti wakamcheka kwamba mkorogo umemkataa. Halafu siku moja mguu wa kushoto ukavimba ghafla na kuuma. Jirani mmoja akasema ni matende, mwingine akasema amekanyaga kitu alichotegewa. Mwisho kabisa, akiwa na mimba ya tatu, kipimo cha kliniki kikasema ana kaswende. Mume alipopimwa, hana.

Unaona kesi hiyo ilipofika? Mimba, homa, mabaka, mguu, kaswende. Mambo matano, na kila moja limepewa maelezo yake: bahati mbaya, mbu, mkorogo, uchawi, umalaya. Lakini yanaweza kuwa jambo moja. Na huyo mama anaweza kuwa hajawahi kutoka nje ya ndoa yake hata kwa mawazo.

LUPASI NI NINI HASA?

Mwili una askari wake. Wanazunguka kwenye damu, wakiona mdudu wanampiga. Sehemu ya silaha zao ni kingamwili. Kwa mwenye lupasi, askari hao wanachanganyikiwa, wanaacha adui na kuanza kushambulia nyumba waliyowekwa kuilinda: viungo, ngozi, figo, moyo, mapafu, hata ubongo. Siyo ugonjwa wa kuambukiza. Huupati kwa kulala naye, kula naye wala kumbusu. Siyo UKIMWI na siyo saratani.

Katika kila wagonjwa 10 wa lupasi, kama 9 ni wanawake, na wengi huanza kuugua wakiwa kati ya miaka 15 na 45. Yaani umri uleule wa kusoma, kuajiriwa, kuolewa na kuzaa. Tafiti za Marekani na Uingereza zimeonyesha kwamba wanawake weusi huupata zaidi kuliko weupe, na mara nyingi huwapiga vikali zaidi, hasa kwenye figo.

Dalili zake ndizo zinazowachanganya watu. Uchovu ambao usingizi hauutoi. Viungo kuuma na kukaza asubuhi. Homa za kuja na kuondoka. Nywele kunyonyoka. Vidonda visivyouma mdomoni. Mabaka yanayopita juu ya pua na kutandaza mabawa kwenye mashavu kama kipepeo. Vitabu vingi vinasema mabaka hayo ni mekundu, lakini kwenye ngozi yetu yanaweza kuonekana meusi au ya zambarau, ndiyo maana yanadhaniwa ni mkorogo. Jua huyachochea. Miguu kuvimba yote miwili, au mkojo wenye povu, ni ishara kwamba figo zimeguswa.

Sasa fikiria dalili hizo ziko Korogwe au Handeni, ambako mtu akisema homa jibu liko mdomoni tayari: malaria. Si ajabu, malaria imetesa sana huku. Korogwe ni moja ya sehemu ambako chanjo ya malaria ya RTS,S ilifanyiwa majaribio makubwa kuanzia mwaka 2009, kabla Shirika la Afya Duniani halijaipendekeza kwa watoto mwaka 2021. Lakini homa siyo malaria mpaka kipimo kiseme. Ukipimwa mara tatu huna vijidudu, na homa bado ipo na vidole vinakaza, usinunue dozi ya nne. Uliza swali lingine.

NDUGU YAKE: DAMU INAYOGANDA OVYO

Damu inatakiwa kuganda ukijikata na kisu, siyo ikiwa inatembea ndani ya mshipa. Kwa mwenye ugonjwa wa Hughes, kuna kingamwili zinazoshambulia protini zilizoshikamana na aina ya mafuta yanayoitwa fosfolipidi, ambayo yako kwenye kuta za chembe za mwili. Matokeo yake damu inakuwa nyepesi kuganda mahali isipotakiwa.

Ikiganda kwenye mshipa wa mguu, mguu unavimba. Bonge likikatika na kusafiri hadi kwenye mapafu, mtu anaishiwa pumzi na anaweza kufa saa hiyohiyo. Ikiganda kwenye ubongo ni kiharusi, tena kwa kijana wa miaka 30 ambaye hana presha. Na kwa mjamzito kingamwili hizo huharibu kondo la nyuma, lile linalompa mtoto chakula na hewa. Mtoto anakosa riziki tumboni, mimba inatoka.

Aliyeupanga ugonjwa huu vizuri mpaka ukaeleweka ni daktari Graham Hughes na wenzake jijini London, mwaka 1983. Alikuwa anatibu wagonjwa wa lupasi, akaona baadhi yao wana hadithi zinazofanana: mabonge ya damu, viharusi, mimba kutoka. Akapima, akakuta kingamwili zilezile.

Kabla yake, mwaka 1952, madaktari wa Marekani walishaona kitu cha ajabu kwenye damu ya wagonjwa wa lupasi: ikiwekwa kwenye chupa ya maabara, inachelewa kuganda. Wakadhani ni damu inayovuja. Kumbe ndani ya mwili ni kinyume chake, inaganda kupita kiasi. Jina la "kizuia-kuganda cha lupasi" limebaki mpaka leo na linaendelea kuwachanganya watu. Ukiliona kwenye karatasi ya majibu, usidhani unalindwa. Ni onyo.

Sasa uhusiano wenyewe uko hivi. Kati ya wagonjwa 100 wa lupasi, kama 30 hadi 40 wana kingamwili hizi kwenye damu. Siyo wote wataganda damu, lakini wako karibu zaidi na hatari. Ukigeuza upande wa pili, karibu nusu ya wenye ugonjwa wa Hughes hawana lupasi kabisa, na wengi wao hawaipati maishani. Kwa hiyo ndugu hawa wanaweza kukaa nyumba moja, au kila mmoja akakaa kivyake. Ndiyo maana mwenye lupasi anatakiwa kupimwa kingamwili za kugandisha damu hata kama anajisikia mzima, hasa kabla ya kubeba mimba.

KASWENDE YA UONGO

Turudi kwa mwalimu wetu na majibu yake ya kliniki, maana hapa ndipo ndoa nyingi zinapoweza kufia.

Kuna kipimo cha kaswende kinachoitwa VDRL, na mdogo wake RPR. Hivi havimtafuti mdudu wa kaswende mwenyewe. Vinatumia mafuta yanayoitwa kadiolipini, na kuangalia kama damu yako ina kingamwili zinazoyashika. Mwenye kaswende anazo. Lakini kadiolipini ni fosfolipidi! Mwenye ugonjwa wa Hughes naye anazo. Kwa hiyo kipimo kinaweza kusema ndiyo wakati mdudu hayupo. Madaktari wamejua jambo hili tangu miaka ya kati ya karne ya 20, na majibu ya namna hiyo yalikuwa moja ya vitu vilivyowasaidia kuufuata ugonjwa wenyewe.

Dawa yake ni rahisi: kurudia kwa kipimo cha aina ya pili, kile kinachotafuta kingamwili za mdudu wa kaswende hasa. Angalizo, tusielewane vibaya. Majibu mengi ya kaswende ni kaswende kweli, na kaswende isiyotibiwa nayo inatoa mimba. Kwa hiyo tibiwa kama daktari anavyosema. Ila kabla mtu hajafungasha mabegi, kabla hajapiga simu kwa wazee, kipimo cha pili kifanyike. Karatasi moja isivunje nyumba.

SASA MTOTO JE?

Kwanza tupunguze presha. Mimba kutoka mara moja ni jambo linalotokea kwa wengi, kama 10 hadi 15 katika kila mimba 100 zinazojulikana, na mara nyingi ni kwa sababu mtoto hakuumbika sawasawa. Malaria, kisukari, shida za kizazi, vyote vinaweza kuhusika. Usisome safu hii ukalala macho.

Lakini kuna hali tatu ambazo zinatosha kumfanya daktari afikirie kupima damu inayoganda. Moja, mimba tatu au zaidi zimetoka mfululizo kabla ya wiki 10. Mbili, hata mimba moja tu imeharibika baada ya wiki 10 na mtoto alikuwa ameumbika vizuri. Tatu, umejifungua kabla ya wiki 34 kwa sababu ya kifafa cha mimba, presha kali ya ujauzito, au mtoto kudumaa tumboni. Ongeza na hii: umewahi kupata bonge la damu mguuni, kwenye mapafu, au kiharusi ukiwa kijana.

Vipimo ni vya damu, viko vitatu, na vikionyesha ndiyo vinarudiwa baada ya wiki 12 au zaidi. Kwa nini visubiri? Kwa sababu maambukizi, malaria ikiwemo, yanaweza kuziamsha kingamwili hizi kwa muda mfupi kisha zikapotea. Kwenye mikoa yetu hilo si jambo dogo. Kipimo kimoja hakikuhukumu.

Na habari njema iko hapa. Mwaka 1997 madaktari wa London walichapisha utafiti wa wanawake 90 wenye kingamwili hizi ambao walikuwa wakipoteza mimba mara kwa mara. Waliopewa aspirini peke yake, 42 katika kila 100 walipata mtoto hai. Waliopewa aspirini kidogo pamoja na sindano za heparini, walifika 71 katika kila 100. Soma tena, 71! Wanawake waliokuwa wameshaambiwa "wewe huzai."

Heparini ni sindano ya kuzuia damu kuganda, inachomwa chini ya ngozi ya tumbo au paja, kila siku, miezi yote ya ujauzito, na kwa wengi huendelea hadi kama wiki 6 baada ya kujifungua. Haivuki kondo la nyuma, kwa hiyo haimfikii mtoto. Warfarini, ambayo ni kidonge cha kuzuia damu kuganda kwa muda mrefu, ni habari nyingine: inaweza kumdhuru mtoto, hasa wiki za mwanzo. Kama unatumia warfarini na unataka mtoto, nenda kwa daktari kabla ya mimba, siyo baada.

Kwa upande wa lupasi, dawa iliyo mstari wa mbele ni haidroksiklorokwini. Jina linakukumbusha kitu? Ni binamu wa klorokwini, ile dawa chungu ya malaria iliyokuwa ikituwasha mwili mzima mpaka Tanzania ilipoiondoa kwenye matibabu ya kwanza mwaka 2001. Binamu huyu anatuliza lupasi, na madaktari wanashauri wajawazito waendelee naye. Macho yachunguzwe kwa vipindi, maana dawa ikitumika miaka mingi inaweza kuyagusa. Na tafadhali, usijinunulie mwenyewe.

Mambo mengine mawili ya chumbani. Ukiwa na kingamwili za kugandisha damu, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni havikufai, maana vinaongeza hatari ya damu kuganda. Uliza kuhusu njia nyingine, kwa mfano kitanzi. Na ukiwa na lupasi, panga kubeba mimba baada ya ugonjwa kutulia angalau miezi sita. Mtoto anaweza kusubiri nusu mwaka. Figo zako zikiharibika hazirudi.

KUTOKA HANDENI HADI BOMBO

Najua unachojiuliza: kote huko nitaanzia wapi? Anzia ulipo. Hospitali ya wilaya Handeni, au Magunga pale Korogwe, wanaweza kuchukua picha nzima ya damu na kupima mkojo. Vitu hivyo viwili tu vinasema mengi. Chembe sahani zikiwa chache bila sababu, au protini ikionekana kwenye mkojo, daktari ana pa kuanzia. Omba rufaa kwenda Bombo, Tanga, ambako ni karibu kilomita 100 kutoka Korogwe. Ikilazimu, kuna KCMC Moshi au Muhimbili. Daktari unayemtafuta ni bingwa wa magonjwa ya ndani, na ukiwa mjamzito awepo na wa wanawake.

Nenda na daftari. Andika kila mimba, ilitoka wiki ya ngapi, kila homa na majibu ya kipimo, kila uvimbe. Ukiulizwa, usiseme "nilikuwa naumwaumwa tu." Daftari hilo ndilo litakaloyafunga yale mambo matano kuwa moja.

Na mguu ukivimba ghafla, mmoja tu, una joto na unauma, usingoje Ijumaa. Matende huchukua miaka kuvimbisha mguu, bonge la damu huchukua saa au siku chache. Kifua kikibana na pumzi kukata, ni dharura ya leo hii.

Kuhusu waganga, naijua sifa ya Handeni, na najua utani wa watu wa mjini. Sitamtukana mtu aliyekwenda kutafuta mtoto kila mahali alikoelekezwa. Ninachosema ni hiki: kama unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, usiichanganye na mizizi usiyoijua, kwa sababu unaweza kuvuja damu au kuganda bila kutarajia. Hata mboga ina mambo yake. Mchicha, kisamvu na matembele vina vitamini K inayopunguza nguvu ya warfarini. Huambiwi uache kula, unaambiwa ule kiasi kilekile kila wiki na uende kupima damu kama ulivyopangiwa.

KWAKO MWANAMUME

Kaka yangu, nataka tuongee mimi na wewe. Mkeo akipoteza mimba, mwili uliolala kitandani ni wa kwake, lakini aliyeondoka ni mtoto wenu wote. Ukimwacha ajibu maswali ya mama yako peke yake, umeshamhukumu. Wewe ndiye mwenye mdomo wa kusema, "Mama, tunashughulikia, daktari ameshatueleza." Sentensi hiyo moja inafunga milango mingi.

Nenda naye hospitali. Siyo kumsindikiza mpaka getini, ingia ndani usikie. Dawa hizi hazinunuliwi mara moja, kwa hiyo kaeni na bima yenu na bajeti yenu mapema, mjue kipi kinalipwa na kipi mtatoa mfukoni. Na ile sindano ya kila siku, nesi anaweza kukufundisha ukawa unamchoma wewe. Miezi karibu tisa, kila jioni, mikono yako. Kama mnaishi miji miwili kama wale wa mfano wetu, basi wikiendi iwe zamu yako na siku nyingine umpigie simu saa ya sindano. Mapenzi ya kadi na maua ni mazuri, lakini haya ndiyo yanayolea.

Na usisahau, lupasi na damu kuganda havichagui. Wachache ni wanaume. Ikiwa ni wewe unayechoka bila sababu na viungo vinakaza, mwambie mwenzako. Uanaume hauyeyushi bonge la damu.

Tarehe 10 Mei ni siku ya lupasi duniani, imekuwa ikiadhimishwa tangu mwaka 2004. Lakini huna haja ya kuingoja. Kama una dada, shoga au mfanyakazi mwenzako ambaye amepoteza mimba mara mbili tatu na watu wameanza kumtazama kwa jicho la pembeni, mpe ukurasa huu. Usimpe pole tu, mpe na swali la kwenda kumuuliza daktari: "Je, damu yangu imepimwa?"

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda. Mpaka hapo, pendaneni na mpimane.

Mhariri